Chipsi Chache, Mkono Unaotetemeka

Nyinyi ambao Njeru huwaleta hapa kwangu mtaa wa Dallas, Embu, Jumamosi mchana, swali lenu huwa ni moja. "Mama Kendi, mashindano yakikaribia mwisho na chipsi zimebaki chache, mtu afanye nini?" Mnataka niwajibu kwa sentensi moja ndiyo mrudi kwenye simu zenu. Sina sentensi moja. Nina miaka mingi ya kazi hiyo, na siwezi kukaa kitako nikiisimulia, kwa hivyo mnivumilie nikiinuka, nikienda jikoni, nikirudi bila kile nilichoendea.

Kwanza tuelewane. Sisemi ile kadi ya mtaani ya kupiga kelele "niko kadi" na kuwalisha wenzako. Nasema poka ya mezani. Kila mtu anapewa karata mbili ambazo hamwonyeshi mtu, halafu katikati zinafunuliwa tano za wote. Kila mgao, watu wawili wanalazimika kuweka dau, mmoja dogo na mwingine kubwa, hata kabla ya kuona karata zao, na hilo dau la lazima linazunguka meza na kupanda kila baada ya muda. Kwenye mashindano, chipsi, vile vidude vya plastiki vya kuwekea dau, ni uhai wako tu. Zikiisha unasimama, unamshukuru mgawaji karata, unaenda zako. Marehemu mamangu, aliyekuwa mkulima wa viazi kule Kiirua, aliposikia kwamba natafuta riziki kwa kukusanya chipsi alifurahi sana. Alidhani nimefungua hoteli. Ilibidi nimweleze mara kadhaa, na kila mara alikuwa akiniuliza kama tunatumia viazi vyekundu au vyeupe.

Nilianza kama mgawaji karata Nairobi, nimevaa kizibao cheusi na tai, natazama watu wakipoteza chipsi kwa njia zile zile kila siku. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa Embu aliyeitwa Ireri, mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa maneno mengi. Nilipomwambia nimechoka kugawa, nataka kucheza, alisema, "Basi utahitaji kujifunza kuwa maskini mezani. Kila mtu anajua kucheza akiwa na nyingi."

Sikumwelewa. Nilienda mashindano yangu ya kwanza Nanyuki, nikakaa kama muumini kanisani. Karata mbaya, nakunja, yaani nazitupa na kungoja mgao mwingine. Karata za wastani, nakunja. Nilijiona mwerevu kwa sababu watu walikuwa wakitoka mmoja mmoja na mimi bado nipo. Sikuona kwamba dau la lazima lilikuwa linaninyofoa kidogo kidogo kila likinipitia. Mwishowe nikapata kwini wawili. Nikasukuma zote. Watu watatu wakanilipa, yaani wakaweka chipsi sawa na zangu ili tufunue karata, mmoja wao hata hakumaliza kuangalia karata zake, na yule aliyekuwa na karata mbaya kuliko wote ndiye aliyechukua.

Ireri alikuwa amesimama nje.

"Karata zilikuwa nzuri," nikamwambia, machozi karibu.

"Zilikuwa nzuri sana," akasema. "Lakini walikulipa kwa sababu ulikuwa bei rahisi. Ungesukuma ukiwa bado unaogopesha, wangekunja wote watatu."

Wiki iliyofuata alinikalisha kwenye meza ya jikoni kwake, akanimwagia njugu mbele yangu. Alikuwa akigawa karata polepole, na kila baada ya migao michache alinyoosha mkono, akachukua njugu zangu mbili tatu, akazitafuna. Mimi nafikiria, yeye anatafuna. Nikamwambia anaharibu mchezo. "Mimi ndiye dau la lazima," akasema, mdomo umejaa. "Naweza kuzila zote ukiwa bado unangoja karata kubwa kama ase." Nilipoona zimebaki chache nikakasirika, nikasukuma zote na karata ambazo siku nyingine ningezitupa. Akakunja. Nikapata njugu. Nikasukuma tena, akakunja tena. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Umeona? Anayesukuma ana njia mbili za kushinda. Wenzake wakimbie, au karata zimbebe. Anayelipa ana njia moja tu."

Kutoka hapo, tukikutana kwenye mashindano, alikuwa hanisalimii. Alikuwa anapita nyuma ya kiti changu na kuuliza, "Una mizunguko mingapi?" Maana yake, ukikaa hivi bila kufanya kitu, dau la lazima litakuzunguka mara ngapi kabla hujaisha? Usihesabu chipsi. Hesabu muda uliobaki. Mtu mwenye mizunguko mingi anaweza kuchagua. Mwenye mizunguko michache anachaguliwa na wengine.

Na jambo ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulijua ni nani wa kumsukumia. Usimsukumie yule mwenye mlima wa chipsi, kwa sababu kukulipa hakumuumizi. Usimsukumie aliyekwama kukuzidi, yeye hana la kupoteza. Mtafute wa katikati, yule ambaye amekaa vizuri, ameshaanza kumwandikia mkewe kwamba mambo ni mazuri. Huyo ndiye anayekunja. Kwa hivyo kabla sijaangalia karata zangu, naangalia kwanza watu wanaokaa kushoto kwangu, ambao watasema baada yangu. Mara nyingi uso wao umeshaniambia niliyotaka kujua.

Nyinyi sasa mna zile chati kwenye simu, zinazosema na chipsi hizi, kwenye kiti hiki, sukuma na karata hizi. Nilizicheka mwanzoni. Njeru akaniketisha akanionyesha, mgao baada ya mgao, kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikikunja karata ambazo nilipaswa kusukuma. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Alikuwa sahihi. Tumieni hizo chati.

Huyu Njeru mmemjua akiwa mtu mzima. Mimi nilimjua akitengeneza simu kwenye kibanda kidogo Embu mjini, kijana wa Gachoka, mwenye mikono myepesi kama ya fundi saa. Nilimpelekea simu iliyoingia maji, akaona mchezo niliokuwa nikiucheza kwenye kioo, akasema, "Mama, hapo ungesukuma." Nikamwambia arekebishe simu aachane na mimi. Kesho yake nilirudi kumuuliza kwa nini. Baadaye nikamfundisha yote aliyonifundisha Ireri, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Nilimwambia pia kitu kimoja bila kupunguza makali: mezani hakuna mama wala mtoto. Siku tutakayokutana meza moja, ukinihurumia umewaibia wengine wote waliokaa pale, na sitakula tena na wewe.

Hiyo siku ilikuja. Ndiyo niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo, lakini mnaona ninavyozunguka.

Yalikuwa mashindano ya siku moja katika hoteli moja Meru. Zawadi haikuwa pesa. Watu watatu wa mwisho wangepelekwa kwenye mashindano makubwa ya nje ya nchi, na wote watatu wangepata kitu kimoja, awe wa kwanza au wa tatu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kufika kwenye mashindano ya namna hiyo. Nilikuwa nimeshakaribia mara kadhaa, na nilijua mwili wangu hautangoja sana. Kuna kitu kilikuwa kimeanza ambacho sikumwambia mtu.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka.

Ulianza kama mzaha, kidole gumba tu. Halafu ukapanda. Nilijua ni nini, au nilidhani najua. Nimegawa karata miaka mingi, nimeona mikono ya watu ikitetemeka wanapofikia pabaya. Nikasema, Mama Kendi, umekuwa mwoga. Uzee umekuingiza woga. Aibu niliyoona sikuweza kuisema hata kwa Kendi mwenyewe, binti yangu. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wengine kutulia! Nilianza kukalia mkono. Nilianza kubeba mkoba ambao sikuuhitaji ili mkono uwe na kazi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Wachezaji wazoefu wanaamini kwamba mtu akitetemeka anaposukuma chipsi, huyo ana karata nzito. Mwenye karata mbaya hujikaza kama jiwe. Mwenye ase mbili ndiye damu inamchemka. Basi siku ile Meru, kila nilipopeleka zile chipsi zangu chache katikati, mkono ukacheza, chipsi zikagongana kwa sauti, watu walinitazama na kutupa karata zao.

"Mama ameshikilia," akasema mfanyabiashara mmoja wa Maua aliyekaa karibu yangu. "Mimi siingii hapo."

Nilikuwa na tisa na tano.

Tukaanza tisa kwenye meza ya mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa na chipsi kidogo kuliko wote. Tukabaki saba, bado mimi ndiye mfupi wa chipsi. Tukabaki watano, bado mimi. Kila nilipokaribia kuishiwa, nilisukuma, mkono ukatetemeka, wakakunja, nikapata pumzi ya mzunguko mwingine. Sikuwahi kucheza hivyo. Nusu yangu ilikuwa inacheka ndani kwa ndani, nusu ilikuwa inataka kukimbia kutoka kwenye chumba kile. Sikuweza kutuliza miguu chini ya meza. Nilikuwa naishi kwa woga wangu mwenyewe, ndivyo nilivyofikiri, na kila mtu pale alikuwa akiuchukulia kuwa nguvu.

Njeru alikuwa upande wa pili wa meza, na mlima wa chipsi. Alikuwa haniangalii usoni. Alikuwa anaangalia mkono.

Tulipobaki wanne, msimamizi akatupa mapumziko ya chai. Mmoja tu alikuwa amebaki wa kutoka, halafu watatu wapakie mizigo. Nilitoka nikakaa kwenye benchi uani, jua linapiga paa za mabati. Njeru akaja na vikombe viwili. Nikashika changu, sahani ikaanza kulia chini ya kikombe, chai ikamwagika kwenye sketi.

"Moto," nikasema.

"Pole, Mama Kendi," akasema. Akanichukulia kikombe akakiweka benchini. Mkono wangu ukabaki gotini, mtupu, na bado ulikuwa unaenda. Tukakaa hivyo mpaka tukaitwa.

Mgao wa tatu baada ya kurudi, wawili wa kwanza wakakunja. Nikabaki mimi na Njeru, ambaye dau kubwa la lazima lilikuwa kwake. Nilikuwa na jeki na sita. Nilikuwa na mzunguko mmoja na kidogo. Sheria yangu ilisema usimsukumie mwenye mlima, lakini ningekunja hapo ningebaki bei rahisi kama siku ile ya Nanyuki. Nikasukuma zote. Mkono ukacheza mpaka chipsi moja ikabiringika na kuanguka chini ya meza, na mgawaji akainama kuiokota.

Yule wa Maua akatingisha kichwa. "Kijana, kunja. Huyo mama ameua watu tangu asubuhi."

Njeru aliangalia karata zake. Akaangalia mkono wangu. Kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akaniangalia machoni, na nikaona kwamba macho yake yamelowa.

"Nalipa," akasema.

Akafunua kingi na nane. Watu wakaguna. Nani analipa mkono unaotetemeka vile kwa kingi na nane? Mgawaji akafunua karata tano, na hakuna hata moja iliyomsaidia yeyote kati yetu. Kingi ilikuwa kubwa kuliko jeki, basi. Nilikuwa wa nne. Wale wengine wawili waliruka wakakumbatiana, kwa sababu kutoka kwangu ndiko kulikowapa tiketi. Njeru hakusimama.

Alinikuta uani nikitafuta mkoba ambao nilikuwa nimeuning'iniza begani.

"Kingi na nane, Njeru?"

"Kingi na nane, Mama."

"Watu wote waliukimbia huu mkono!"

"Waliukimbia kwa sababu wanafikiri unasema kitu. Mimi nimeuangalia tangu asubuhi. Ukikunja, unatetemeka. Ukishika chai, unatetemeka. Ukikaa bure, unatetemeka zaidi. Na hicho kidole kinazunguka hivi." Akanionyesha, gumba likisugua kidole cha shahada kama mtu anayepukuchua punje moja ya mahindi. "Hiyo si ase. Na si uoga pia. Baba yangu mdogo pale Gachoka alianza hivyo hivyo. Tulisema ni pombe, tukamchekelea, mpaka tukachelewa. Tafadhali twende hospitali."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Nilimwambia aende na tiketi yake akatibu watu huko. Nikapanda gari nikarudi Embu, na kwa muda sikushika simu yake. Nilikuwa nafagia nyumba iliyofagiwa. Nilikuwa natoka kwenda sokoni, nikifika kona nasahau ninachotaka, narudi. Nilikuwa naukalia mkono na kuuambia utulie, na ukikataa naulaumu moyo wangu.

Mwishowe akaja mwenyewe. Alikaa pale pale unapokaa wewe.

"Hebu weka mkono juu ya goti," akasema. "Hakuna karata hapa. Hakuna mtu wa kuogopa. Ni mimi tu. Uambie usimame."

Nikajaribu. Alisubiri. Nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Kisha nikaenda kutafuta viatu.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Aliniambia nigonganishe vidole, nitembee kwenye veranda na kurudi, niandike jina langu na jina la mamangu. Maandishi yakaanza makubwa na kumalizika madogo kama sisimizi. Nilimtazama usoni muda wote nikitafuta alichokuwa anafikiria, nisipate kitu. Nikawaza, huyu angenimaliza mezani. Halafu akavuta kiti karibu akaniambia ni ugonjwa wa Parkinson, kwamba hauponi lakini kuna dawa za kupunguza usumbufu wake, na kwamba nilifanya vizuri kuja.

Nikacheka. Nilicheka mpaka Njeru akasimama mlangoni. Daktari alidhani nimechanganyikiwa, akaanza kunieleza tena taratibu.

"Nimekuelewa, daktari," nikamwambia. "Kumbe sikuwa mwoga."

Ndipo nikalia.

Tulipotoka tulipita kwenye buchari ya Majengo, kwa Mzee Athumani, ambaye supu yake haina mpinzani mji huu. Alituona nyuso zetu, akatuletea bakuli mbili bila kuuliza, akaongeza pilipili kwenye kisahani na kutuacha. Nilishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza Njeru kitu kilichokuwa kinaniwasha tangu siku ile.

"Ulijuaje nina karata mbaya?"

"Sikujua," akasema. "Wale wengine ndio walidhani wanajua. Mimi nilijua tu kwamba mkono hauniambii kitu. Basi nikaangalia chipsi zako, nikaangalia karata zangu, nikaona chati inasema lipa."

"Na kama chati ingesema kunja?"

Alipuliza supu yake kwa muda mrefu. "Ningekunja. Ulisema mezani hakuna mama. Lakini ningekufuata uani hata kama ungekuwa umeshinda. Hilo sikuwa naliachia karata."

Nikala. Nilikuwa na njaa ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

Alienda kwenye yale mashindano makubwa. Alitoka siku ya kwanza, akarudi na picha nyingi za uwanja wa ndege na fulana moja inayonibana. Mimi niliacha mashindano. Si kwa sababu ya mkono kutetemeka, bali kwa sababu siku hizi mwili unachelewa, na mgawaji akinisubiri kila mgao nawachosha watu. Dawa zinasaidia. Asubuhi ni mbaya, mchana ni afadhali, ndiyo maana nawaambia mje mchana. Huku kutotulia hakujaniacha. Nimezoea kutembea nako, nikizunguka nyumba kama mlinzi.

Na bado tunacheza, kama mnavyojua, kwa chipsi kuukuu nilizopewa wakati kasino moja ilipofungwa. Hakuna anayeweka pesa hapa kwangu, na anayetaka kuweka aende kwingine.

Majuzi alikuja Wanja, yule msusi wa nywele wa hapa mtaani, mara yake ya kwanza. Ana macho makali, na ananiita Cucu, yaani nyanya. Mchezo ulipofika mwisho nilikuwa mfupi, yeye akiwa na nyingi. Nikasukuma zote, chipsi zikagongana. Wanja akaangalia mkono wangu, akapumua, akafunua kingi wawili na kuwatupa.

"Cucu, najua uko na ase. Siwezi."

Kutupa kingi wawili! Njeru akaangalia dari. Sikuweza kuvumilia. Nikamwonyesha Wanja karata zangu, nane na tatu. Nikamweleza yote, ugonjwa na dawa. "Huu mkono usiusome," nikamwambia. "Haukuambii kitu. Cheza karata zako."

Akanisikiliza vizuri sana, akaitikia kwa kichwa. Migao michache baadaye nikasukuma tena, mkono ukicheza vile vile. Safari hii hakusita.

"Nalipa!" Akafunua kumi mbili.

Mimi nilikuwa na ase mbili. Zikashinda, chipsi zake nyingi zikaja kwangu.

"Lakini Cucu, ulisema!"

"Nilisema usiusome," nikamwambia, nikivuta chipsi kwa mikono yote miwili, nusu zikimwagika sakafuni na Njeru akicheka hadi akashindwa kuziokota. "Sikukwambia unilipe."